Kuhusu ile hoteli ya soseji ya Ami, karibu na Marikiti

Asalaam aleikum nyote. Ndugu aliyeanzisha mada ameuliza mambo mawili: kama kuna anayeikumbuka ile hoteli ndogo ya hodogi (hot dog, mkate wenye soseji ndani) iliyokuwa vichochoroni hapa Mombasa, ukitoka sokoni Marikiti kuelekea mtaa wa Kibokoni, na ilikuwaje ikafungwa. Waliotangulia kujibu wamesema zilikuwa hodogi za Kimarekani tupu, na kwamba kilichoiua ni smokie, zile soseji ndogo zinazouzwa kwenye mikokoteni. Kwa heshima zote, yote mawili sivyo. Mimi nilianza kula pale nikiwa darasa la pili, mwaka 1983, na baadaye nikafanya kazi pale likizo saba, Aprili, Agosti na Desemba. Nitakayoyasema nimeyaona kwa macho yangu, na mengine kaniambia mwenyewe.

Tuanze na jina, maana kila mtu hapa ametaja lake. Jina halikuwako. Ukutani palikuwa na tangazo la soda lililopakwa rangi, nalo lilikuwa limepauka kwa jua na upepo wa chumvi hata herufi zikawa hazisomeki vizuri. Watu wazima wakisema "kwa soseji". Sisi watoto tukisema "kwa Ami", kwa kuwa mwenyewe sote tulimwita Ami, hata tusiokuwa na udugu naye wa karibu wala wa mbali. Kwenye ubao wa bei aliandika kwa chaki "Mkate wa soseji". Lile neno la Kizungu hakuliandika hata siku moja. Alisema hawezi kuandika mbwa juu ya chakula cha watu wanaotoka kusali. Lakini vinywani mwa watu lilikuwa limeshakuwa hodogi, halina mbwa tena ndani yake, na ukimwambia "Ami, nipe hodogi mbili," alikupa wala hakukukosoa.

Pahali penyewe hapakuzidi upana wa milango miwili. Mbele, kizingitini kabisa, palikuwa na jiko la mkaa lililotengenezwa kwa pipa lililopasuliwa katikati. Ndani mabenchi mawili marefu na meza moja ya bati. Nyuma, chini ya dirisha, friza kubwa ya kulala, nyeupe, yenye kutu pembeni, na juu yake redio. Dari ilikuwa ya boriti, kama nyumba zote za zamani za mtaa ule, na boriti zenyewe zilikuwa nyeusi kwa moshi wa miaka. Jioni upepo wa baharini ulipoanza kuvuma, ule moshi ulitoka nje ukapita kichochoro chote, na mtu aliyekuwa akienda zake nyumbani akajikuta ameshatia mkono mfukoni kuhesabu sarafu.

Sasa nije kwenye hili la "Kimarekani", maana ndilo lililonifanya niandike.

Ami alikuwa baharia. Vijana wa sasa huenda hawajui jinsi Mombasa ilivyokuwa na mabaharia, karibu kila ukoo una mzee aliyepanda meli. Yeye alianza kwa kumenya viazi jikoni kwenye meli ya mizigo, akaishia mpishi wa pili. Mwishoni mwa miaka ya 1960 meli yao ikaingia Chicago. Nilipokuwa mdogo sikuelewa meli inafikaje huko, maana nilikuwa nimeshaiona Chicago kwenye atlasi ya shuleni, iko katikati ya nchi kavu. Ami akanichorea kwa mkaa sakafuni. Tangu mwaka 1959, ulipofunguliwa mfereji wa St. Lawrence, meli za bahari kuu huingia kutoka Atlantiki, zikapandishwa kwa milango ya maji mmoja baada ya mwingine, mpaka zikafika yale maziwa makubwa ya Amerika Kaskazini. Chicago iko ukingoni mwa Ziwa Michigan. Kwa hivyo baharia wa Mombasa angeweza kushuka ngazi ya meli yake na kutembea mjini humo sawa na anavyotembea bandarini kwetu Kilindini.

Wenzake wakampeleka soko la Maxwell Street, siku ya Jumapili, mtu juu ya mtu, kila kitu kinauzwa mpaka betri kuukuu. Hapo ndipo alipoiona. Alinisimulia mara nyingi mno hata mimi mwenyewe nikawa kama niliyekuwako. Muuzaji alikuwa na sufuria ya maji ya moto, soseji zimelala ndani. Akatoa moja, akaitia kwenye mkate mrefu laini uliomwagiwa juu mbegu ndogo nyeusi za mpopi. Akapaka haradali ya manjano. Akatia achari ya tango iliyosagwa, kijani kibichi kama rangi ya mlango. Kitunguu kilichokatwakatwa. Vipande vya nyanya. Kipande kirefu cha tango la siki. Pilipili ndogo mbili tatu za siki. Halafu mwisho akanyunyiza chumvi iliyochanganywa na mbegu za selari. Tomato sosi hapana. Chicago ukitaka tomato sosi kwenye hodogi, Ami alisema, wanakutazama kama uliyetia sukari kwenye pilau. Nami nimekuja kusoma baadaye kwamba ndivyo ilivyo mpaka leo, ni jambo wanalolishikilia sana.

Na sasa sikilizeni. Ami hakuila.

Soseji za pale ni za ng'ombe, na muuzaji alimwambia hivyo. Lakini ng'ombe huyo hakuchinjwa kwa sheria ya Kiislamu, na Ami katika hilo hakuwa na mchezo, awe Mombasa au awe mwisho wa dunia. Basi akaomba auziwe mkate na kila kitu isipokuwa soseji. Muuzaji akamwuliza mara mbili kama amesikia vizuri. Akampa. Ami akala amesimama, kwenye baridi, mkate na mboga na haradali, huku akivuta harufu ya soseji za watu waliokuwa kando yake. Aliniambia: "Ladha ya nyama niliitia mwenyewe kwa akili, mwanangu. Nilipofika Mombasa ndipo nikaitafuta kwa mkono."

Hilo ndilo ninalotaka mlijue. Tulichokula sisi miaka yote ile hakikuwa nakala ya kitu alichokionja. Kilikuwa kitu alichokiwaza, akakipika kwa vitu vya Marikiti mpaka kikalingana na alivyokiwaza. Mbegu za mpopi hakuzipata, akamwambia mwokaji atie ufuta. Mkate wenyewe ulikuwa boflo, dogo, urefu wa shubiri, aliookewa kwa oda. Tango la siki akaliacha akatia achari ya embe. Ile nyanya na kitunguu, alisema alipoviona tu Chicago moyo ulimwambia hii ni kachumbari iliyosahauliwa ndimu. Chumvi ya selari akaifanya kwa bizari nyembamba iliyokaangwa kavu, ikasagwa pamoja na chumvi ya mawe. Na pahali pa haradali pakakaa ukwaju.

Soseji zilitoka bucha moja mjini, zikitengenezwa na mzee mmoja kwa mkono, mara mbili kwa wiki. Nyama ya ng'ombe, mafuta kidogo ya kondoo, kitunguu saumu, pilipili manga, chumvi, ndani ya utumbo wa kondoo uliosafishwa. Utumbo ndio uliofanya soseji ile ilie ukiiuma. Hizi za plastiki za leo hazilii.

Nilipoanza kazi pale, Desemba ya 1988, nilidhani nitapewa koleo nigeuze soseji. Nilipewa kisu na karai la vitunguu. Likizo mbili nzima nilikuwa mtu wa kachumbari tu, na nashukuru, kwa sababu hapo nilijifunza jinsi Ami alivyokuwa hapitishi kitu. Kitunguu kikatwe chembamba mpaka uone kisu upande wa pili. Kisha ukitie chumvi, ukikamue kwa viganja, ukisuuze kwa maji, ukikamue tena, ule ukali utoke ubaki utamu. Nyanya itolewe mbegu, maana mbegu ina maji na maji hulowesha mkate. Ndimu usikamue kabla. Ndimu ilikamuliwa kila mteja na yake, mbele ya macho yake, kwa sababu kachumbari ikikaa na ndimu nusu saa tu nyanya inalegea. Siku moja nilikamua karai zima asubuhi ili nipate nafasi ya kupumzika. Ami akaonja, akanitazama, akalichukua karai lote akampelekea jirani kama zawadi, akaniambia nianze upya. Hakunigombeza. Nilianza upya.

Soseji zenyewe zilipita mahali pawili. Kwanza sufuria ya maji ya moto, lakini maji yasitokote. Yakitokota, ngozi hupasuka, mafuta na ladha vikabaki majini ukauza kamba. Alitia kidole cha kati, akihesabu moja mpaka tatu. Ukiweza kufika tatu bila kutoa, maji yako sawa. Kisha zikahamia juu ya mkaa, dakika chache tu, zikapata mistari na harufu. Huku boflo limepasuliwa ubavuni bila kutenganishwa, limepakwa samli ndani, limelazwa kifudifudi pembeni mwa jiko ambapo moto ni mdogo.

Halafu kulipanga. Nikifumba macho naiona mikono yake. Ukwaju chini kwanza, umepakwa kwa mgongo wa kijiko mpaka kwenye pembe. Soseji juu yake, bado inachuruzika. Kachumbari, iliyokamuliwa ndimu sekunde hiyo. Achari ya embe upande mmoja tu, ili mtu asiyeitaka aweze kuila mwisho au aiondoe. Pilipili mbichi ya kijani iliyochanwa, kwa anayetaka, na ukimwambia hutaki alikuuliza "Mbona?" kwa huzuni ya kweli. Mwisho ile chumvi ya bizari. Aliishika kwa vidole vitatu, akainua mkono mpaka usawa wa uso wake, akanyunyiza kutoka juu, ikashuka kama vumbi ikaenea mkate wote. Ukiinyunyiza karibu, alisema, mdomo wa kwanza unakuwa wa chumvi na wa mwisho hauna kitu. Akakunja ndani ya karatasi ya kaki, akakupa kwa mkono wa kulia. Ulipofika kona ya pili samli ilikuwa imeshapenya karatasi na vidole vinang'aa.

Wapo walioandika hapa kuhusu wanamaji wa Kimarekani. Ni kweli walifika. Baada ya mkataba wa mwaka 1980 kati ya Kenya na Marekani, manowari zao zilikuwa zikitia nanga Kilindini, na siku hizo Moi Avenue, huko Mapembeni, ilibadilika kabisa, bei za kila kitu juu. Lakini walioingia vichochoroni kwetu walikuwa wachache. Ami aliwawekea chupa moja ya haradali kwa ajili yao, na alizungumza nao kwa Kiingereza chake cha melini. Wengine waliipenda ya ukwaju, wengine hawakuipenda. Basi. Hoteli ile haikuwa yao na haikuishi kwa fedha zao. Ilikuwa ya makuli, ya walimu wa madrasa, ya watoto waliotoka sinema ya Regal Jumapili na picha ya Kihindi bado imewajaa kichwani, ya kina mama waliotuma mtoto na kikapu kwa sababu wageni wameingia ghafla.

Siku ninayoikumbuka kuliko zote si ya kazi, nilikuwa bado mteja. Desemba 1987, fainali ya Kombe la Washindi Afrika, Gor Mahia na Espérance ya Tunisia. Mchezo wa kwanza kule Tunis ulikwisha 2–2. Wa marudiano ulikuwa Kasarani, Nairobi. Sisi Pwani tulikuwa na timu zetu, lakini siku ile hapakuwa na Pwani wala bara. Watu walijaa kwa Ami mpaka kichochoroni, wamekaa juu ya ngazi za nyumba za watu, redio imetolewa juu ya friza ikatundikwa mlangoni. Ulikuwa wakati wake mzuri wa biashara kuliko siku yoyote ya mwaka. Jiko limejaa soseji. Na Ami, ambaye katika maisha yake yote sikumwona akiliacha jiko, aligeuka akaikabili redio.

Mpira ukaisha 1–1 na kombe likawa letu kwa mabao ya ugenini. Watu wakakumbatiana, wazee wakapiga makofi, mmoja akalia. Tulipogeuka, soseji zote zilikuwa makaa. Nadhani zilikuwa thelathini au zaidi, nyeusi ti, zimekauka. Watu wakasema, "Ami, leta hivyo hivyo, leo tunakula chochote!" Nao walikuwa wakisema kweli, wangelipa. Ami akakataa. Akazikusanya kwa koleo moja moja, akazitia kwenye ndoo, akafungua friza akatoa nyingine, akaanza upya na lile sufuria la maji. Watu wakangoja. Kiza kikaingia, adhana ikaadhiniwa, waliokwenda msikitini wakaenda na kurudi, na wote wakala. Aliuza kwa bei ile ile.

Ramadhani mchana palifungwa, bila shaka. Jiko liliwashwa baada ya magharibi na halikuzimwa mpaka karibu na daku. Watu walikuja baada ya tarawehe, wamevaa kanzu, wamekwishafuturu kwao viazi vya nazi, mbaazi na mahamri, na bado wakapata nafasi ya hodogi moja. Sijui nafasi hiyo waliipata wapi, lakini hata mimi nilikuwa nayo. Sharubati ya bungo ilikuwa ikiuzwa na mama mmoja mlango wa pili, kwenye ndoo yenye barafu, na hao wawili, Ami na mama wa bungo, walikuwa wameelewana bila kuelewana: yeye hakuuza chakula, Ami hakuuza kinywaji.

Kuhusu kufungwa.

Haikuwa smokie. Mikokoteni ya smokie ilipoanza kujaa mjini, mlango wa Ami ulikuwa umekwisha kufungwa zamani. Haikuwa kukosa wateja pia, ingawa misukosuko ilikuwepo. Mwaka 1993 shilingi iliporomoka, kila kitu kikapanda, nyama, mkaa, mafuta, na Ami akawa anafuta bei ubaoni na kuandika nyingine kwa aibu kama aliyeiba. Agosti 1997 zikaja zile fujo za Likoni, watu wakaogopa kutembea usiku, na hoteli ya jioni ikawa haina jioni. Kabla mambo hayajatulia zikafuata mvua za El Niño. Yote hayo aliyavuka. Kufikia 1999 benchi zilikuwa zinajaa tena, nami nilikuwa nimeshaajiriwa bandarini, nikipita kila Ijumaa.

Kilichomfunga ni umeme. Mwaka 2000 ukame ulipunguza maji ya mabwawa ya Mto Tana, kina Masinga, ambayo nchi iliyategemea kwa sehemu kubwa ya umeme wake. Ukaja mgao. Wenye umri wetu mnakumbuka, saa nyingi kila siku bila taa. Mwenye duka la nguo alifungua madirisha akaendelea. Mwenye mahamri aliwasha kuni. Ami alikuwa na friza yenye soseji za nyama tupu zisizo na dawa, katika joto la Mombasa.

Alipigana. Alinunua barafu za mabonge, zile wanazotumia wavuvi, akazifunga kwa magunia na unga wa mbao, akazipanga ndani ya friza. Mimi nilimbebea mara kadhaa kwa mkokoteni, maji yakidondoka njia nzima nyuma yetu. Alimwomba mwenye bucha amletee kila siku badala ya mara mbili kwa wiki. Mwenye bucha akajaribu wiki mbili, akashindwa, naye alikuwa na friza yake na tabu yake. Jenereta ilikuwa na bei ambayo mtu wa mkate wa soseji hawezi kuifikia. Na wakati huo huo mwenye nyumba akaongeza kodi.

Ijumaa moja nilifika mapema, jiko halijawashwa. Nikamkuta amepiga magoti mbele ya friza, kifuniko wazi. Akatoa soseji moja, akaibonyeza kwa kidole gumba. Ngozi ikabonyea na haikurudi. Akaipeleka puani, akakaa nayo hapo muda. Mimi nilisimama karibu naye nikavuta pumzi, na nawaambia kweli, sikusikia harufu yoyote mbaya. Nikamwambia, "Ami, mbona ziko sawa? Zikipita kwenye moto hakuna atakayejua." Akasema, "Ndiyo. Hakuna atakayejua." Akaitia kwenye gunia. Kisha ya pili. Kisha zote, bila haraka, akizihesabu kwa sauti ya chini kana kwamba anamhesabia mtu mali yake. Alipomaliza akaipangusa friza ndani kwa kitambaa, pembe zote, akaacha kifuniko wazi ikauke.

Siku ile hakuwasha jiko. Alikaa benchini mpaka magharibi na kila aliyekuja alimwambia "Leo hakuna, samahani," na wengine akawatolea boflo lililopakwa samli na ukwaju na kachumbari, bila soseji, bila malipo. Mimi nilikula moja hivyo. Nilipokuwa nikila ndipo lilipopita kichwani kwamba hiki ndicho alichokula yeye Maxwell Street, miaka thelathini nyuma. Sikumwambia, nilimwona amechoka. Natamani ningemwambia.

Alifungua siku chache tena baada ya hapo, kisha akarudisha ufunguo. Mgao ulipokwisha, watu walimfuata nyumbani Kibokoni kumwomba aanze tena, nami nilikuwa mmoja wao. Miguu ilikuwa imemwishia. Mungu amrehemu, amezikwa hapa hapa Mombasa. Pahali pale leo ni duka la simu na M-Pesa, wamepiga vigae, boriti zimefunikwa. Nilimwomba kijana anayeuza pale anionyeshe dari, akafungua kibao kimoja kwa ukarimu wake. Bado ni nyeusi.

Mmoja wenu ameuliza kama kuna mwenye picha. Sina, na sijaona mtu aliye nayo. Kama unayo, hata ya harusi iliyopita kichochoroni ikaonekana kona ya jiko, tafadhali iweke hapa.

Dada mwingine ameuliza ule ukwaju ulikuwa na nini, maana amejaribu nyumbani haufanani. Ukwaju haukuwa wa Ami, ulikuwa wa mkewe, Bi Mkubwa, akiupika nyumbani, na kazi yangu kila alasiri ilikuwa kuuleta kwa ndoo yenye mfuniko. Binti yao ameniruhusu niuandike. Robo kilo ya ukwaju mkavu, uloweke kwa maji ya moto vikombe vitatu mpaka ulainike, ukamue kwa mkono, uchuje. Tia tende sita zilizotolewa kokwa na kusagwa, na sukari guru kiasi cha ngumi ya mtoto. Tangawizi mbichi, chumvi, bizari nyembamba iliyokaangwa, pilipili mbili za kukaushwa zikiwa nzima. Moto mdogo, ukikoroga, mpaka ushike mgongo wa kijiko na ukipitisha kidole njia ibaki wazi. Toa zile pilipili. Epua kwanza, ndipo utie kitunguu saumu kibichi kilichopondwa, punje nne. Dada, nadhani hapo ndipo unapokosea, wengi hukitia mapema kikaiva na ule ukali wake ukapotea. Halafu uache upoe wazi, usiufunike ungali moto. Jasho la mfuniko likidondokea ndani, kesho yake umechacha.